Wachambuzi wa Ndahani

Kama kuna kazi aliyoidharau Sidonia hapa duniani, basi ni kazi ya kueleza alichosema mtu mwingine. Aliijua vizuri kwa sababu iliwahi kumlisha. Miaka mingi alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, na hotuba za wakubwa zilipita mikononi mwake zikiwa bado mbichi. Mkubwa anasema neno, msaidizi wake analifafanua kurasa nzima, msaidizi wa msaidizi anafafanua ufafanuzi, na Sidonia anayapiga chapa yote kwa nakala za kaboni huku akipiga miayo. Ulipokuja wakati wa kupunguza wafanyakazi, wafafanuzi walibaki na mpiga chapa akaondoka. Hakulia. Alichukua kiinua mgongo chake, akanunua mashine ya taipu iliyokwishatumika, akakodi kibanda mtaa wa Majengo kati ya muuza uwele na fundi redio, akaweka ubao mlangoni: TUNAPIGA CHAPA.

Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi tii, asiye na maneno mengi. Badala ya maneno alikuwa na msonyo. Ukimletea barua ya kuomba kazi iliyojaa sifa za uongo, ataipiga chapa vizuri, atakukabidhi, halafu atasonya. Wateja walimzoea. Mume wake alikwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani akapotelea huko, na hata kwa hilo Sidonia alisonya tu, akaendelea kumlea binti yao Elieth.

Mtu mmoja tu Sidonia hakuwahi kumsonya maishani mwake, naye ni baba yake, Mzee Ndahani wa kijiji cha Msalato.

Ndahani alikuwa mfugaji, tena si wa ng'ombe wengi. Kilichomfanya ajulikane ni kwamba hakuweza kumeza tonge akiwa peke yake. Chakula kikitengwa, atatoka nje atazame njiani, na yeyote apitaye ataitwa, awe ndugu, awe mpita njia, awe mtoza kodi. Mwaka wa njaa kubwa alifungua ghala lake la uwele akagawa mpaka sakafu ikaonekana, mkewe akamnunia msimu mzima. Lango la boma lake halikuwa na mlango. Ulioza zamani, naye hakuona sababu ya kutengeneza mwingine.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Charles Kihwele, Mhehe wa Iringa, mwimbaji wa Uwanda Jazz, bendi iliyokuwa ikipiga dansi mjini wikiendi. Walikutana mnadani. Kihwele alitazama mbuzi wa Ndahani akauliza kama wanauzwa kwa kilo au kwa huruma. Ndahani akamjibu kwamba Wahehe wasijisumbue na mbuzi, mbwa wako upande wa pili. Ikawa basi. Mhehe na Mgogo ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana, Mgogo akiitwa ombaomba na Mhehe akiitwa mla mbwa, na watani wakipatana hivyo hawaachani. Kwa miaka yote iliyofuata wale wawili hawakusalimiana hata siku moja kama watu wenye adabu. Waliamkuana kwa matusi, wakaagana kwa matusi, na Kihwele alikula zaidi nyumbani kwa Ndahani kuliko alivyokula kwake.

Ndahani alifariki mwaka ule sukari ilipoanza kurudi madukani. Kihwele alifika Msalato na nusu ya bendi. Kabla jeneza halijashushwa, akaruka kaburini na suruali yake ya jukwaani, akalala chali, akatangaza kwamba hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa marehemu alimnyima jogoo maisha yake yote. Wazee wa Kigogo wakamsihi, akakataa. Wakaleta jogoo, akasema amekonda. Ndipo akaanza kuimba mle mle shimoni:

Ndahani, ulikula peke yako,
leo lala peke yako.
Lango lako ulilifunga,
nani atakufungulia?

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Walicheka kwa sababu kila mmoja pale aliwahi kuitwa kutoka njiani akale. Mama yake Sidonia, ambaye tangu msiba uingie hakuwa amefumbua kinywa, alicheka machozi yakamtoka, na baada ya kicheko akalia kilio cha kweli, akapona. Hivyo ndivyo mtani anavyomzika mtani wake. Anamwambia maiti uongo mkubwa kiasi kwamba kila mwenye masikio ausikie ukweli. Sidonia alirudi mjini siku ile akiwa na huzuni nyepesi, na aliamini kwamba hakuna Mgogo aliyewahi kuzikwa vizuri kama baba yake.

Mwaka uliofuata Uwanda Jazz waliuingiza wimbo ule studio, wakautia magitaa na tarumbeta, ukapigwa redioni nchi nzima. Watu wa Mwanza na Tanga wakaucheza bila kujua habari za jogoo. Sidonia hakuona ubaya. Ukipigwa kwenye redio ya fundi jirani, aliacha kutaipu, akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea na kazi.

Ubaya ulikuja na magazeti. Siku hizo kila kitu kiliruhusiwa, na kila aliyeweza kupata karatasi alianzisha gazeti. Gazeti lina kurasa, kurasa hazijazi zenyewe, na hapo ndipo wakajitokeza wachambuzi. Walichambua siasa, wakachambua mpira, wakachambua ndoto, na vilipokwisha hivyo wakaingia kwenye muziki. Wa kwanza kumgusa Ndahani alikuwa Brighton Mlaki, mhadhiri wa chuo kimoja cha pale mjini, mtu mwenye shahada ya ng'ambo na koti la mitumba lenye viraka vya ngozi viwikoni. Viraka vile havikuwa vya umaskini, vilishonwa makusudi kiwandani, naye alihakikisha kila mtu anaelewa hivyo.

Mada yake aliileta kibandani kwa Sidonia ikiwa imeandikwa kwa mkono. Iliitwa “Ndahani kama Kielelezo: Mgongano wa Matabaka katika Muziki wa Dansi.” Sidonia alikaa, akaingiza karatasi mashineni, akaanza. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili vidole vilisimama. Brighton alikuwa ameandika kwamba Ndahani si mtu bali ni dola ya zamani, iliyohodhi uchumi na kula peke yake jasho la wakulima. Lango lililofungwa ni mipaka iliyozuia bidhaa. Kulala ni kufilisika kwa mashirika ya umma. Na mwimbaji, kwa ujasiri mkubwa, alikuwa akiililia nchi ifunguliwe.

Sidonia alirudia kusoma kwa utulivu, kama anayetafuta kosa la herufi. Brighton aliporudi kuchukua kazi yake, alimwambia.

“Mwalimu, huyu Ndahani ni baba yangu.”

Brighton akavua miwani. Uso wake ulichangamka. “Safi sana, mama,” alisema. “Hilo ndilo ninalolisema humu ndani. Sote ni watoto wa Ndahani.”

“Amezikwa Msalato.”

“Amezikwa kila kijiji, mama,” alisema Brighton, akavaa miwani yake, akaondoka na mada yake mkononi akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani.

Juma lililofuata alirudi na aya mpya ya kuongeza. Ilisema kwamba mwananchi wa kawaida, mwanamke mpiga chapa, alimwambia mwandishi kwa uchungu, “Ndahani ni baba yangu,” na kwamba kauli hiyo inathibitisha jinsi umma ulivyolelewa na dola mpaka ukaiona kuwa mzazi. Aliomba aya hiyo ipigwe chapa vizuri, iwe na nafasi ya kutosha juu na chini. Sidonia aliipiga. Alimkabidhi, akamsubiri avuke barabara, akasonya msonyo ambao muuza uwele aliusikia kutoka upande wa pili wa ukuta akauliza kuna nini.

Baadaye akaja Elisante, mwandishi wa safu ya sanaa, ambaye hufika Dodoma wakati wa vikao vya Bunge na kukaa mpaka posho imalizike. Elisante alimshambulia Brighton gazetini. Alisema mhadhiri amesoma wimbo kichwa chini. Ndahani si dola ya zamani hata kidogo. Ni tajiri mpya wa enzi hii ya ruksa, yule aliyenunua kiwanda cha umma kwa bei ya kutupa, akala peke yake. Lango ni geti la jumba lake lenye mlinzi na mbwa. Brighton akajibu. Elisante akamjibu majibu yake. Msomaji mmoja wa Arusha akaandika kwamba wote wawili wamekosea kwa kuwa Ndahani ni mwanamke. Mzozo ule ulidumu msimu mzima wa kiangazi, na kwa kuwa mashine ya Sidonia ilikuwa na utepe mzuri kuliko zote za Majengo, wote wawili walimletea kazi. Yeye ndiye aliyewapigia chapa wanavyomgombea baba yake, huku wakimwita mama na kumwomba aharakishe.

Hakujaribu tena kuwaambia. Kwa nini ajaribu? Aliwaona ni watu wanaosimama nje ya nyumba ya mtu wakibishana ndani kuna samani gani, na mwenye nyumba akifungua mlango wanamwomba asiwakatize. Aliwadharau kwa moyo wake wote, na dharau ile ilimtosha. Akiona makala ya Elisante imefungiwa maandazi sokoni, alifurahi siku nzima.

Dharau ilikoma kumtosha siku Elieth aliporudi kutoka shule na karatasi ya mtihani wa muhula.

Elieth alikuwa kidato cha tatu, msichana mpole anayependa kushika namba za juu. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa mwanafunzi wa Brighton, na mada ya Brighton alikuwa ameinakili ubaoni neno kwa neno. Swali la mtihani liliwataka wanafunzi waeleze Ndahani anawakilisha nini katika jamii. Elieth alikuwa amejibu kurasa mbili. Aliandika kwamba Ndahani ni mnyonyaji asiye na utu, mchoyo, adui wa maendeleo, na kwamba jamii haina budi kumkataa. Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: Vizuri sana, una uchambuzi wa kina.

Sidonia aliisoma karatasi ile akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda, jua la mchana likimpiga usoni.

“Ndahani ni nani?” aliuliza.

“Nyumbani ni babu,” alisema Elieth. “Shuleni ni mnyonyaji. Nikiandika ni babu, mama, napata sifuri.”

Hilo Sidonia angeweza kulimeza. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga chapa uongo mwingi ili ale. Lakini mtoto alikaa kidogo akichezea kona ya karatasi, halafu akauliza swali lingine, kwa sauti ya mtu aliyekaa nalo muda mrefu. Alitaka kujua kama kweli babu hakuwa mchoyo. Babu alipofariki yeye alikuwa mdogo, hamkumbuki. Anachokijua ni wimbo tu, na wimbo unasema alikula peke yake, na watu waliosoma wote wanasema hivyo hivyo.

Sidonia alifungua kinywa amweleze habari za utani, za kaburi na jogoo. Akaeleza. Elieth alisikiliza kwa heshima, akaitikia kila penye kuitikiwa, na Sidonia akaona machoni mwa mtoto kwamba anasikiliza mama anayemtetea baba yake. Neno lake lilikuwa limewekwa kwenye mizani upande mmoja, na upande wa pili yuko mwalimu, mhadhiri, gazeti na redio. Alishikwa na hasira. Wamemchukua baba yake kaburini wakampeleka kwenye magazeti yao, na sasa wanamrudisha nyumbani kwake akiwa mwizi, tena wamemkabidhi mjukuu wake ndiye amtangaze.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lingeweza kupindua mizani ile.

Kihwele alikuwa akiishi chumba cha kupanga nyuma ya soko. Uwanda Jazz ilikuwa imekufa. Watu walitaka disko na kanda za Wakongo, baa zilinunua spika kubwa badala ya kulipa wapiga tarumbeta, na mwimbaji wa zamani alipata riziki kwenye harusi za waliomkumbuka. Alimpokea Sidonia mlangoni na fulana iliyotoboka.

“Ombaomba wamefika,” aliwatangazia majirani. “Ficheni sufuria.”

“Nimeona mtaa mzima hakuna mbwa anayebweka,” alijibu Sidonia, “nikajua mtani yu mzima wa afya.”

Wakacheka, na Sidonia akajisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ya karatasi. Alikaa kwenye kigoda, akamweleza yote. Chuo cha Brighton kilikuwa kimeandaa kongamano juu ya wimbo ule, na Kihwele mwenyewe alikuwa amealikwa kama mgeni wa heshima. Alichotaka Sidonia ni jambo moja. Atamleta Elieth ukumbini. Kihwele atakapopewa nafasi, aseme mbele yao wote kwamba Ndahani alikuwa mtu wa Msalato, mtani wake, aliyemlisha, na kwamba maneno yale yalikuwa utani wa msibani. Basi. Wakishasikia, wachambue watakavyo.

Kihwele alinyoosha mkono akachukua kadi ya mwaliko juu ya redio, akamwonyesha. Walikuwa wamemwandika “Msanii na Mwanafikra.” Aliisoma kwa sauti, akaifuta vumbi kwa kiganja, akairudisha mahali pake. Suti yake ilikuwa imetundikwa ukutani, imepigwa pasi tayari ingawa siku zilikuwa bado.

“Nitasema, mtani,” alisema. “Nisiposema mimi atasema nani? Baba yako ndiye aliyeninenepesha.”

Siku ya kongamano Sidonia alifunga kibanda, akavaa kitenge chake cha sikukuu, akamchukua Elieth na sare zake za shule. Ukumbi ulijaa wanafunzi walioletwa kwa amri na walimu waliokuja kwa ajili ya chakula. Mbele waliketi Brighton na koti lake, Elisante na kalamu zake mfukoni, na katikati yao Kihwele ndani ya suti, amewekewa chupa ya maji na kibao chenye jina lake. Hakuna aliyewahi kumwekea Kihwele kibao chenye jina lake. Alikuwa akikitazama kila mara.

Brighton alizungumza kwanza, na alizungumza kwa muda mrefu mno. Alitamka maneno ambayo hata yeye yalimkwama kooni. Elisante akasimama kumpinga, akasema mambo yale yale kwa kuyageuza. Wanafunzi waliandika yote mawili, kwa kuwa hawakujua lipi litatoka kwenye mtihani. Ukiwatazama wale mabwana wawili ungedhani ni maadui, lakini Sidonia aliona wanavyopeana maji na kutabasamu, akafahamu kwamba hawa wanahitajiana kama kinu na mchi. Kinachotwangwa hakiulizwi.

Ilipofika nafasi ya maswali, Sidonia alisimama. Hakuwa amepanga kusema, lakini alitaka kumfungulia Kihwele njia. Alijitaja jina. Akasema Ndahani anayezungumziwa ni baba yake mzazi, alikuwa mfugaji wa Msalato, hakuwahi kula peke yake hata siku moja, na wimbo uliimbwa kaburini na mtani wake ambaye ni huyo hapo mbele. Akaketi. Minong'ono ikapita ukumbini, na Elieth akamsogelea mama yake mpaka mabega yao yakagusana.

Brighton alimshukuru sana. Alisema usomaji wa mama ni wa thamani, kwamba unatokana na mapokeo ya kijamii, na kwamba unastahili kuwekwa pembeni ya tafsiri nyingine kwa heshima zote. Elisante akatikisa kichwa kukubali, na hilo likawa jambo la kwanza walilokubaliana tangu wafahamiane. Kisha Brighton akamgeukia mgeni wa heshima. Alisema leo tuna bahati ya kuwa na mtunzi mwenyewe. Atuambie, Ndahani ni nani?

Kihwele akasimama. Aliweka mkono kifuani, akatazama mahali alipoketi Sidonia, akamwona, akaona na mtoto. Halafu macho yake yakashuka kwenye kile kibao.

“Waheshimiwa,” alisema, “Ndahani si mtu. Ndahani ni sistimu.”

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Yeye akaendelea, sauti yake ya jukwaani ikimrudia. Alisema aliona mapema nchi inakokwenda. Alisema enzi zile mtu hakuweza kusema wazi, ikabidi alifiche jambo zito ndani ya jina la mtu wa kijijini, jina lolote tu lililomjia. Alisema amefurahi kwamba hatimaye wasomi wamemwelewa. Hakusema yuko upande wa Brighton au wa Elisante, kwa hiyo wote wawili walimpigia makofi. Elieth alimtazama mama yake mara moja, kisha akatazama viatu vyake mpaka mwisho.

Jina lolote tu. Sidonia alikaa na maneno hayo. Wale wawili aliwajua, hawakuwahi kula kwa Ndahani, walikuwa wajinga wenye vyeti na ujinga wao haukumshangaza. Lakini huyu alikula. Huyu alilala kaburini kabla ya mwenye kaburi. Njaa ya tumbo Ndahani aliiweza, lakini njaa hii ya kupigiwa makofi ilimshinda hata maiti. Sidonia alitafuta msonyo ndani yake akaukosa, kwa maana msonyo ni wa mtu ambaye bado unajishughulisha naye.

Nje walipanga soda na sambusa chini ya turubai. Wapishi, madereva na walinzi, wengi wao Wagogo, na wachache wa Iringa, walisimama wakisubiri masalia. Kihwele alitoka akiwa amezungukwa, soda mkononi, jasho limemlowesha kola. Alipomwona Sidonia anapita na mtoto, aliwaacha waheshimiwa wake akamfuata haraka, na watu wakamfuata yeye. Alipaza sauti yote aliyokuwa nayo.

“Kumbe ombaomba walikuwepo,” alisema. “Mmekuja kuomba nini leo, na kwenu mlifunga lango?”

Madereva wakacheka, wakageuka kumtazama Sidonia. Walijua utani, walikuwa wakisubiri ya mbwa. Kihwele naye alisubiri, amesimama ametanua miguu, uso wake umejaa tabasamu lenye kuomba. Wakishatukanana hapa, yatakuwa yamekwisha. Itakuwa kwamba ndani yalikuwa maneno ya ukumbini tu, na huku nje wao bado ni wao.

Sidonia akaweka mkoba wake chini. Akapiga goti kidogo, kama wanawake wanavyopiga mbele ya mgeni waliyemkuta barabarani.

“Shikamoo, mzee,” alisema.

Kihwele akacheka, akidhani ni mwanzo wa kichekesho. Akaongeza tusi lingine, kubwa kuliko la kwanza, akamtaja na Ndahani ndani yake. Safari hii hakuna dereva aliyecheka. Mpishi mmoja wa Iringa, mama mtu mzima, alilitua sinia la sambusa mezani akafunika mdomo kwa khanga.

“Shikamoo, mzee Kihwele,” alirudia Sidonia, kwa upole ule ule, bila hasira yoyote. “Pole na shughuli. Na safari njema.”

Elieth alitazama uso wa mama yake, akatazama wa yule mzee. Tangu akiwa mchanga Kihwele alikuwa akimwita mke wake, akimdai mahari iliyokwisha kuliwa, na yeye akimjibu kwamba haolewi na mzee asiye na meno. Ndivyo alivyofundishwa kabla hajajua kusoma. Akapiga goti pembeni ya mama yake.

“Shikamoo, babu,” alisema.

Brighton alikuwa amefika nyuma yao na sahani yake. Alitazama magoti yale mawili akaguswa moyo. Alimwambia Elisante kwa sauti ya chini kwamba ni jambo la kutia moyo sana kuona familia za kawaida zinavyomheshimu msanii, na Elisante akatoa kalamu.

Kihwele alisimama na soda yake. Shikamoo ina jibu moja tu, nalo halina utani ndani yake. Alitazama madereva kama kuna wa kumsaidia, nao wakatazama pembeni.

“Marahaba,” alisema mwishowe.

Sidonia akaokota mkoba wake, akamshika mwanawe mkono, wakaenda.